Jana Mlikula Nini

Salamu yake ilikuwa swali. Wengine hapa Ikolo ukikutana nao asubuhi watakuambia "Mugonile," utaitikia, mtaulizana habari za watoto na za mpunga, ndipo jambo lenyewe litafuata. Yeye "Mugonile" yake aliipitisha haraka haraka, akavuta kigoda, akafungua kaunta buku juu ya mapaja na kuuliza, "Jana mlikula nini?" Mpaka leo nikiamka mapema, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala kwenye migomba, kabla sijajua kama niko macho au naota, hulisikia swali hilo. Na huwa nalijibu.

Sote tulimwita Mdadisi. Jina lake tulilijua, lakini lilikaa bila kazi. Mdadisi ndivyo walivyoitwa wale waliotumwa mwaka mmoja nchi nzima, kupita nyumba kwa nyumba na kuandika kila kaya inakula nini na inanunua nini, ili huko juu wajue mtu mmoja wa nchi hii anatumia kiasi gani. Kijijini kwetu zilichaguliwa kaya nane, yetu ikawa ya tano. Mwaka ukaisha, akakabidhi fomu na mkoba, akarudi kwenye cherehani yake barazani pale Mbugani, maana kazi yake hasa ilikuwa ushonaji. Tukadhani tumeachana. Mwaka uliofuata, mpunga ulipokwisha kuvunwa, tukamwona anakuja tena juu ya majaruba, futi ya kupimia ikiwa shingoni, kaunta buku mpya kwapani. Mume wangu akamuuliza safari hii katumwa na nani.

"Sijatumwa," akasema. "Nimetaka tu kujua mmefikia wapi."

Akaja hivyo kila mwezi wa saba, wiki mbili, kaya zilezile nane, miaka na miaka. Walikuwapo waliosema ana kichaa kidogo. Mimi sikusema, ila sikukataa pia.

Kuuliza kwake kulikuwa na taratibu. Hakukuuliza umetumia shilingi ngapi, maana alisema mtu akiulizwa shilingi hudanganya hata asipokusudia. Alianza na chungu. Mlipika mara ngapi, mlipika nini, kilitoka wapi, nani alikula. Ndipo aende kwenye sabuni, chumvi, nauli, daftari za watoto, sadaka, dawa. Na kila kitu alikipa bei, hata ndizi za shambani kwangu. Hilo lilinipandisha hasira kila mwaka. Nilimwambia, ndizi sikununua, nimekata nyuma ya nyumba, utaandikaje matumizi? Akaniuliza, ningeipeleka sokoni Kyela ningepewa bure? Nikasema hapana. Akaandika. Nikamwambia basi aandike na mvua, na hewa, na kivuli cha mkakao. Alitabasamu, akageuza ukurasa, akauliza kuhusu viberiti.

Kaya kwake haikuwa nyumba wala ukoo. Ilikuwa watu wa chungu kimoja. Aliyekula chungu chako na kulala kwako miezi mitatu, huyo ni wako, hata kama humpendi. Asiyefikisha miezi mitatu ni mgeni, hata kama umemzaa. Kwa kanuni hiyo mwanangu wa kwanza, Atupele, aliyeolewa Karonga ng'ambo ya mto Songwe, alifutwa kwangu msimu uleule aliovuka. Nililia kidogo. Mdadisi alingoja nimalize, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Malipo yetu yalikuwa neno moja. Wiki mbili zikiisha alijumlisha kila kitu, akagawa kwa idadi ya watu, akatazama ukurasa wa mwaka uliopita, kisha akasema "Mmepanda" au "Mmeshuka." Basi. Alikuwa anasema hali ya mtu mmoja wa nyumba hiyo, kana kwamba kuna mtu mmoja wa nyumba, asiye baba wala mtoto, anayekula sehemu yake sawasawa na wote. Huyo mtu nilikuwa namuota. Nilimwona ameketi mwisho wa mkeka, uso haujulikani, sahani yake haizidi wala haipungui. Tulilisubiri neno hilo kuliko mahubiri. Kaya iliyopanda ilitembea kwa madaha mpaka Krismasi.

Kosa la mwaka wa kwanza lilikuwa letu, nalo lilitokana na heshima. Hapa kwetu mgeni akikaa kwenye kigoda chako akaondoka bila kula, jirani atakuuliza mmegombania nini. Kwa hiyo kila Mdadisi alipokuja kuuliza tulikula nini, tulimchinjia kuku. Kaya zote nane tulifanya hivyo, bila kuambiana. Na kwa kuwa alitakiwa kuandika kila kilichoingia chunguni, aliandika kuku, wali, samaki mbasa, chai ya maziwa. Baada ya miezi kadhaa akaja msimamizi wake na gari, bwana mpole mwenye miwani, akakaa na karatasi zake barazani kwetu akikuna kichwa. Alitaka kujua imekuwaje watu wa Ikolo wale kuku Jumanne na Ijumaa tu, na wote kwa pamoja. Mama mkwe wangu akamjibu kwa unyenyekevu kwamba ndizo siku anazokuja mgeni. Kisha akanikonyeza nimkamatie kuku yule bwana.

Tangu hapo Mdadisi akajiwekea mwiko. Hakula tena kwa mtu yeyote anayemwandika. Alikubali maji tu, ya mtungini, kwenye kikombe cha bati. "Nikila kwako, Mama Atupele," aliniambia, "nitakuwa naandika tumbo langu mwenyewe." Nilielewa kwa kichwa, moyo ukakataa. Miaka yote ile nilipika wali wetu wenye kunukia mpaka barabarani, nikaweka mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na nyama, nikamwona anameza mate na kuuliza habari za chumvi. Niliumia. Mtu anajua chungu changu kuliko mama yangu mzazi, na hajawahi kukionja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliuliza kila kitu, lakini ukimuuliza yeye, alikata uzi kwa meno na kuangalia pembeni. Aliwashonea watu wa Mbugani magauni ya harusi, yeye akavaa gauni lilelile la kijani mpaka likawa rangi ya maji ya mchele. Wanawake walimwambia walichowaficha waume zao, waume wakamwambia walichokunywa vilabuni, naye akaviandika vyote katika ukurasa mmoja, na ukurasa ule haukuwahi kusema neno. Kulikuwa na kaya mbili kati yetu nane ambazo zisingefika hata Pasaka kama angelegeza ulimi. Hakuwa na mume wala mtoto. Na katika vile vitabu vyake, kaya yake haikuwamo.

Nikifumba macho, miaka ile inapita kwenye kurasa zake polepole, kama vitu vinavyoelea. Mafuta ya taa yamejaa mwanzoni, chupa kwa chupa, kisha yanapungua, yanabaki mstari mmoja, kisha mwaka mmoja hayapo, na hakuna anayekumbuka siku tuliyoyaacha. Sukari inaanza ikiwa kitu cha Krismasi, inahamia Jumapili, mwisho inalala nyumbani kila siku. Ule mche wa sabuni tuliokuwa tukiukata kwa uzi unakuwa vipaketi vya unga. Zinaingia vocha, linaingia bando. Inaingia bodaboda ya kwenda Kyela, huko tulikokuwa tukienda kwa miguu tukiimba. Kakao inapanda bei, unaingia mtungi wa gesi, na mimi nawasha moto bila kupuliza, nashangaa jikoni kwangu mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka Mdadisi anasema, "Mmepanda." Sauti yake inatoka mbali, mvua inanyesha juu ya bati, na mimi nafurahi.

Juu ya kila ukurasa palikuwa na namba nyingine, idadi ya watu. Mwaka wa kwanza tulikuwa tisa: mimi, mume wangu, mama mkwe, shemeji yangu, watoto watano. Shemeji akaoa akahama. Mama mkwe akatangulia. Atupele akavuka mto, wa pili akaenda Mbeya kutafuta kazi. Namba hiyo ilishuka taratibu huku ile ya chini ikipanda, nami sikuziangalia zikiwa pamoja.

Kisha mume wangu akafariki. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua za kutosha, na watu walikuja kutoka Karonga, Tukuyu, Mbeya. Msiba wetu ulikaa siku nyingi. Tulichinja ng'ombe wawili, tukapika magunia ya mchele, chumvi tu ilikuwa ya kupimwa kwa debe. Mwezi wa saba Mdadisi akaja kama kawaida. Akakaa, nikampa maji. Aliuliza kwa upole, sitamsingizia. Aliandika ng'ombe, akaandika mchele, akaandika jeneza. Wiki mbili zikaisha, akajumlisha vyote, akagawa kwa wanne, mimi na watoto watatu waliobaki. Akatazama ukurasa wa mwaka uliopita. Nikaona anasita. Lakini alikuwa mtu wa mazoea yake, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mmepanda, Mama Atupele. Mmepanda sana."

Nikauliza, "Kwa hiyo mwakani nimtoe nani, ili tuzidi kupanda?"

"Siyo hivyo. Ni mgawanyo tu—"

"Nani, Mdadisi? Chagua. Nina watoto watatu humo ndani."

Alikuwa ameshika kikombe. Nilimpokonya, maji yakamwagika kwenye gauni lake la kijani na juu ya kitabu. Kumnyang'anya mtu maji mkononi, nyumbani kwako, hapa kwetu ni kumwambia asikanyage tena. Nilijua hivyo nilipofanya. Akanyanyuka, akafuta kitabu kwa kiganja, akasema "Ndaga," asante, kama alivyosema kila mwaka, akaondoka kwa njia ya majaruba. Nami nikabaki na kikombe, na hasira ambayo haikuwa yake yote. Nyingine ilikuwa ya Mungu, ila Mdadisi ndiye aliyekuwa karibu.

Hakuingia tena kwangu. Kila mwezi wa saba alipita kwa jirani, na nilipokuwa uani nilimwona nje ya uzio wa michongoma akisimama kidogo, ananyanyua mkono. "Mugonile." Niliitikia kwa shingo. Angeangalia uani kwangu, kitambo tu, kisha aende. Nikadhani ananichungulia unyonge. Watoto wangu nao wakaondoka mmoja mmoja, wanavyoondoka. Mwisho nikawa napika kisufuria kile cha chai, nakula nusu, nusu nawamwagia kuku. Gesi ilinitosha miezi. Kila kitu nilikuwa nacho. Jioni zilikuwa ndefu, na mara nyingine nilijikuta nimeketi na sahani mapajani nikimtafuta yule mtu mmoja wa nyumba, asiye na uso, aketi nami. Nilikuwa nimekuwa yeye.

Mwaka huu, mwezi wa nne, niliteremka kwenye bajaji pale sokoni Kyela, tope likiwa mpaka kwenye vifundo. Nikamwona kwenye meza ya mchele. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi, na noti aliisogeza karibu kabisa na jicho, akaipapasa, akampa muuzaji. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Nilisimama nyuma yake nikatazama kikapu, nikafanya alichonifundisha bila kujua ananifundisha. Mchele nusu kilo. Nyanya mbili. Fungu moja la dagaa. Mtu mmoja, siku tatu akijibana.

"Mugonile, Mdadisi," nikasema.

Aligeuka, akainamisha kichwa kusikiliza. "Kaya ya tano," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno kwa miaka, yote yakapotea katika kelele za soko. Lililonitoka ni hili: "Jana ulikula nini?"

Nafikiri hakuna aliyewahi kumuuliza. "Chai," akasema.

"Na juzi?"

"Mama Atupele, mimi simo kitabuni."

Nikampokea kikapu mkononi. Aliniachia. Nilimwambia nyumba yangu ni kubwa na mimi ni mwoga wa radi, jambo ambalo ni la uongo, nikasema tupitie Mbugani tuchukue nguo zake na cherehani. Akauliza na vitabu? Nikasema na vitabu. Bajaji ilijaa vitabu mpaka dereva akalalamika, na Mdadisi akakaa juu yao akiwa amevishika kama watoto.

Siku ile nilipika wali na mbasa. Nikamwekea sahani, akaisukuma taratibu. "Unajua mwiko wangu. Nikila, sitaweza tena kukuandika."

"Utaandikia macho gani?"

Alicheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. Kisha akasema, bila kinyongo, "Ulichukua kikombe changu."

"Nilikosea, dada. Nilikuwa naumwa moyo. Nisamehe."

"Na mimi nilisema neno la kijinga. Nililijua kabla sijalisema."

Nikaenda mtungini, nikajaza kikombe kilekile cha bati, nikamshikisha kwa mikono miwili. Akanywa yote. Alipokiweka chini, mkono wake ukatafuta sahani pembeni, ukaipata. Nilitazama ziwani ili asione ninavyomwangalia, nikakumbuka kwamba haoni. Alikula polepole, kama mtu anayesoma.

Siku za mvua zilizofuata alinifanya nimsomee vitabu. Nilifika kwenye ile miaka ya uzio. Kila mwaka ukurasa wetu ulikuwapo. "Kaya ya tano: mlango umefungwa." Chini yake: "Watu, kwa kamba ya nguo: wanne." Mwaka mwingine, watatu. Wawili. Kisha miaka kadhaa, mmoja. Mshonaji alikuwa akisimama nje ya michongoma akisoma mashati ya wanangu yanavyopungua kwenye kamba yangu ya kuanikia. Nikarudi nyuma, kwenye ukurasa wa mwaka wa msiba. Bado una alama ya maji. Mahali pa jibu amepakwangua kwa wembe mpaka karatasi imetoboka. Niliweka kidole kwenye tundu lile, nikalia, naye akangoja nimalize, safari hii bila kalamu.

Macho yake anasubiri kupasuliwa. Wakati huohuo mwezi wa saba umefika, na kwa kuwa hawezi kukosa, kalamu nimeshika mimi. Kwa majirani saba niliuliza, yeye akiwa pembeni ananirekebisha. Kwetu tulifika juzi, mchana, tukiwa tunakula. Nimeandika gesi, sabuni, mchele wangu kwa bei ya soko, na ndizi. Hata ndizi. Nikajumlisha.

"Kaya ina watu wangapi?" akauliza, kwa sauti yake ile ya kazi.

"Wawili."

Kijiko chake kikasimama. "Umemhesabu nani?"

"Umekuja mwezi wa nne, tarehe sita. Leo ni miezi mitatu na siku kumi na moja. Kanuni ni yako, siyo yangu."

Nje majani ya migomba yalikuwa yakigusana, na upepo wa ziwa uliingia ukapindua ukurasa mmoja, nikaurudisha. Nikagawa kwa mbili. Nikatazama mwaka wa mwisho tulioandikwa, ule wenye tundu, nikauacha. Nikachukua hesabu yangu ya mwaka jana, nilipokuwa peke yangu, tuliyoikadiria pamoja kwa kukumbuka.

"Tumeshuka," nikamwambia.

"Sana?"

"Karibu nusu."

Akaelekeza uso mlangoni kwenye mwanga. Kisha akainua sahani yake, akaisogeza mbele, akakosea upande, nikaipokea.

"Basi niongezee wali," akasema. "Tushuke vizuri."